Salamu Ndefu na Karai la Mafuta

Wenye makosa nitawataja. Si kwa majina, maana majina yana jamaa na jamaa wana midomo. Nitawataja kwa kazi zao, na kwa mahali kila mmoja alipokuwa amesimama siku ile jiko langu la Lodwar lilipoungua, mwaka wa 2012. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kama mtu anayeongea. Lakini nilichokiona nilikiona, na mikono yangu inayo alama mpaka leo.

Wa kwanza ni muuza magunia wa sokoni. Ni yale magunia meupe ya chakula cha msaada, yanayotoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma yakiwa matupu na kupita mikono mingi. Jiko langu lilikuwa kibanda cha makuti ya mkoma kilichoegemea nyumba ya kulala, na upepo wa upande wa ziwa ukianza, mchanga uliingia hadi ndani ya unga. Yule mtu akaniambia, "Mama, shona haya ukutani, utasahau vumbi." Nikayashona ukuta mzima, kutoka chini hadi kwenye paa. Jiko likang'aa kama kanisa siku ya Pasaka. Majirani walikuja kulitazama. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba gunia lile si katani, ni nailoni, na nailoni ikishika moto inayeyuka, inadondoka, na bado inawaka.

Wa pili ni fundi aliyenitengenezea jiko la makaa kwa mkebe wa mafuta. Mguu mmoja ulikuwa mfupi. Nilipolalamika, aliweka kijiwe chini yake, akalisukuma kwa kidole, akasema, "Si unaona? Limekaa." Kwa kijiwe hicho tulipika miezi mitano.

Wa tatu ni mama mkwe wangu, na huyu sina budi kumweleza pole pole.

Alasiri ile nilikuwa nakaanga mandazi. Binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, aliketi ndani akikata donge kwa mdomo wa glasi, kazi aliyoipenda kuliko zote. Awamu ya kwanza nilikuwa nimeiopoa, mafuta yako motoni yakingoja ya pili. Ndipo nikasikia sauti nje ya ua ikitoa salamu yetu Waturkana: "Ejok!"

Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Nakalale, kwa lori, bila kutuma neno.

Sasa, kwetu mkwe hasalimiwi kutoka mlangoni ukiwa na kijiko mkononi. Unaacha unachofanya, unatoka, unasimama mbele yake mikono mitupu. Na salamu yenyewe si ya neno moja. Ejok? Ejok-nooi, kuzuri sana. Umeamkaje? Watu wameamkaje? Njia ilikuwaje? Mbuzi je? Ngamia je? Yule aliyeumwa mguu? Mvua je? Kila swali linajibiwa, na likijibiwa linarudishwa. Kukatiza ni kama kumwambia mtu safari yake haikuwa na maana. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, naye na mama yake, na hao wote walikuwa wakichemsha nyama na maziwa kwenye mafiga, hawakuwahi kukaanga kitu kwenye karai lililojaa mafuta.

Tulikuwa tumefika kwenye swali la ngamia, mmoja aliyezaa, mwingine aliyeliwa na fisi, binti yangu alipochungulia mlangoni.

"Mama, mafuta yanatoa moshi."

Akaambiwa anyamaze, wakubwa wanasalimiana. Akarudi ndani kwa donge lake.

Tulikuwa tumeanza swali la mvua. Mama mkwe alisema ilinyesha ng'ambo, kwao haikufika. Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona macho yake yametoka kwangu na kutazama juu ya bega langu.

Moto wa kuni naujua tangu nizaliwe. Huo hupanda, unaweza kuuona ukipanda. Huu haukupanda. Nilipogeuka, ulikuwa tayari umesimama ndani ya karai, mrefu kuliko mimi, umenyooka, karibu hauna sauti. Niseme ukweli: kwa pumzi moja nilisahau kuogopa. Nilishangaa. Nilijiuliza kitu kikubwa namna hii kilikuwa kimelala wapi miaka yote, ndani ya mafuta ninayonunua kwa kikombe.

Hapo ndipo anapoingia wa nne, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtu mkubwa mwenye ndevu. Alitoka mbio upande wa pili na mtungi wa maji. "Ondokeni! Ondokeni!" Akaumwagia moto maji yote.

Sauti ile ilikuwa kama turubai la lori linapopasuliwa. Moto uliruka kutoka kwenye karai, ukafunguka kama mwavuli, ukagusa magunia kila upande kwa wakati mmoja. Jiko likayumba kwenye kijiwe chake, likaanguka, na mafuta yaliyobaki yakatambaa sakafuni yakiwaka. Halafu ukuta wangu mweupe ukaanza kudondoka. Matone ya moto, mengi, yakianguka kutoka juu. Sisi tulikuwa tukiulizana habari ya mvua.

Binti yangu alikuwa ndani.

Niliingia. Sikumbuki kuamua kuingia. Nakumbuka glasi mkononi mwake, hakuiachia hata nilipokuwa nikimvuta. Yeye aliungua bega la kushoto, mahali padogo kama kiganja, ila ni kiganja cha mtoto. Mimi mikono yote miwili na shingo. Nyumba ya kulala nayo ilikwenda. Shemeji hakuungua hata unywele, na kwa miezi mingi hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Hospitalini Lodwar nililala na mikono imefungwa kama watoto wachanga wawili. Mama mkwe alikaa pembeni ya kitanda siku nne. Siku ya tano aliongea.

"Mtoto nakwenda naye Nakalale."

"Mama, huyu ndiye wangu wa pekee."

"Ndiyo maana. Atakaa kwangu mpaka wewe uwe na jiko lisiloungua. Nitakuja mwenyewe kuliangalia."

Wa tano ni mume wangu. Alikuwa Kerio na nyavu zake, alifika majivu yamepoa, ananuka samaki. Nilimwambia, mwambie mama yako aniachie mtoto. Akatazama mikono yangu, akatazama dirisha, akasema, "Mama ameshasema." Hilo ndilo kosa lake, maneno mawili tu. Wengine walikosea kwa kufanya, yeye alikosea kwa kukaa.

Mikono ilipopona, haikuwa mikono yangu ya zamani, lakini ilifunga na kufungua. Ila sikuweza kusimama karibu na mafuta. Nikisikia tu kitu kikilia kwenye mafuta kwa jirani, shingo ilikakamaa. Na mtu ambaye hawezi kupika atajengaje jiko la kukaguliwa? Nikaenda Kakuma kwa dada yangu, ambaye alikuwa akipeleka kuni kambini kwa wakimbizi. Hiyo ni kazi ya wanawake wengi wa kwetu: unakata mathenge, ule mti wa miiba, unafunga mzigo, unabeba kichwani, unaingia kambini kutafuta nyumba inayotaka.

Siku ya kwanza dada alinionyesha nyumba ya mama mmoja kutoka Sudan Kusini. Mrefu, mweusi wa kung'aa, wa umri wangu. Nikafika uani na mzigo kichwani.

"Hodi."

Kimya. Nilimwona wazi kabisa, mgongo wake, kwenye jiko lisilo na mlango.

"Hodi, mama! Kuni!"

Kimya. Jasho linaingia machoni, shingo yangu yenye kovu inauma. Nikasema moyoni, tazama, hata wakimbizi wanatudharau kwenye nchi yetu. Nikaita mara ya tatu, kwa sauti ya hasira, na bado hakugeuka.

Nikabaki namtazama kwa uchungu, na ndivyo nilivyoona. Alichukua vitambaa viwili vizito, akashika karai la mafuta kwa mikono yote miwili, akalitoa kwenye mafiga. Hakuliweka mahali popote tu; kulikuwa na mchanga umetandazwa chini, umezungushiwa mawe, hakuna kingine kilichokaa hapo. Akaliweka katikati. Akachukua mfuniko mkubwa wa bapa uliosimama ukutani upande wa kulia, akafunika. Akavuta kuni nyuma, kijiti kimoja kimoja, mpaka ncha zote zikatoka kwenye mafiga. Akazitazama. Ndipo akageuka, akaja mpaka mbele yangu, akashika mkono wangu wenye makovu kwa mikono yake miwili.

"Karibu, ukti. Malesh. Sasa mimi naona wewe."

Ukti kwao ni dada, na malesh ni samahani. Na baada ya hapo akanisalimia, na salamu yao haina haraka kuliko yetu. Watu, afya, watoto, njia. Alipofika kwa watoto, mzigo wa kuni ulikuwa bado kichwani kwangu na mimi nalia.

Nilimletea kuni mwaka ule wote. Hakunifundisha, mniamini. Hakukaa chini kuniambia fanya hivi na vile. Mimi ndiye niliyekuwa naangalia, kama watu wanavyoangalia ibada ya kanisa lisilo lao. Kuta zake zilikuwa udongo mtupu, hazina gunia, hazina kalenda, hazina hata kitambaa. Paa lilikuwa la mikebe iliyopigwa bapa, inalia kama ngoma upepo ukipita. Jiko lilikaa hatua kumi kutoka nyumba ya kulala, na ukuta usio na uwazi ulikuwa upande upepo unakotoka. Kabla ya kuwasha aliokota vumbi kidogo, akaliachilia, akaangalia linakokwenda. Leso aliifunga kifuani kwa fundo, mikono ya gauni aliikunja. Watoto wa nyumba ile, na walikuwa wengi, ndugu wa ndugu, walikuwa na mstari wa mawe ambao hawauvuki. Hata kuku nadhani aliujua.

Siku moja nikamuuliza, "Nani alikufundisha?"

Akacheka. "Kule kwetu nyumba ni nyasi, ukti. Yote nyasi. Nyasi inafundisha mara moja tu."

Akaokota vumbi, akaliachilia, akawasha.

Jambo lililonikalisha chini lilitokea Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa akikaanga maandazi yao ya mviringo kwa ajili ya chai ya kanisani, na mimi napanga kuni. Ukelele ukatoka nyumba ya pili, kisha ndimi za moto juu ya ukuta. Karai la jirani limeshika. Watu wakaanza kukimbia na mitungi. Nilisikia mdomo wangu unasema wenyewe, "Si maji, si maji, si maji," lakini kwa sauti ndogo isiyosikika.

Yeye kwanza alitoa karai lake kwenye moto. Nyumba ya jirani inawaka, na yeye anatoa karai lake, analiweka kwenye mchanga! Kisha akachukua mfuniko, akaenda. Alitembea. Nasema alitembea, kama mtu anayepeleka chai kwa wageni. Alipita katikati ya wale wenye mitungi akisema neno moja la Kiarabu chao, na walisimama. Akashika mfuniko mbele yake kama ngao, akauinamisha, akauteremsha juu ya karai kutoka upande wake kwenda upande wa mbali. Ule moto mrefu, ndugu wa ule wangu, ukazimika. Hakuna sauti. Akasimama pale mkono juu ya mfuniko, hakuuinua kuchungulia, hata walipomwambia inua tuone. Mtu mmoja akataka kulibeba karai nje. Akampiga kofi mkononi. Mwingine alimwaga mchanga kwenye kuni. Kisha paa za mikebe tu, zikilia.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Kitu kilichokula nyumba yangu, kilichonichukulia mtoto, kilikuwa kimelala chini ya kipande cha bati, na mwanamke amekishika kwa mkono mmoja.

Na hapo, kwenye vumbi lile, wa sita alinijia. Nimesema binti yangu aliambiwa anyamaze. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikisimulia watu wote, na wote walidhani ni mama mkwe aliyemwambia. Si yeye. Ni mimi. Mtoto alikuja kuniambia mafuta yanatoa moshi, nami nikamwambia, "Nyamaza, wakubwa wanasalimiana." Mtaje muuza magunia, mtaje fundi, mtaje shemeji na mtungi wake. Lakini kulikuwa na mtu mmoja tu pale aliyeonywa.

Nilimwambia yule mama wa Sudan yote, siku ile ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akaosha mfuniko ule, akaupangusa, akanipa.

"Peleka Lodwar. Mimi natafuta ingine."

Nilirudi Lodwar mwaka wa 2013. Nilijenga jiko la udongo, peke yake, hatua kumi kutoka nyumba mpya ya kulala. Shemeji alikuja kunisaidia kubeba udongo bila kuitwa. Namhesabia hilo, ingawa mtungi wake bado namhesabia pia. Nilitandaza mchanga, nikauzungushia mawe. Mfuniko niliusimamisha ukutani upande wa kulia. Nikatuma neno Nakalale kwa lori la mbuzi: jiko lipo.

Wiki zikapita. Mama mkwe hakuja, wala hakujibu. Nilikaanga kila siku, kwanza mandazi mawili mawili, baadaye karai lililojaa. Majirani walikuja kunisalimia, nami nikawaacha wasimame mpaka nilitoe karai motoni. Walinisema. "Amekwenda Kakuma amerudi na maringo." "Siku hizi kumsalimia unakata tikiti kwanza." Mmoja aliniambia usoni, "Wewe mama, hata Mungu akikuita utamwambia angoje uopoe?" Nikamwambia, "Yeye anajua mafuta ni nini, atangoja."

Kisha asubuhi moja, karai liko juu, mafuta yameanza kucheza, nikasikia nje ya ua:

"Mama! Mama, ejok!"

Haikuwa sauti ya mama mkwe.

Sauti ilikuwa imekua. Mwaka mzima, na zaidi. Ilikuwa na kitu cha Nakalale ndani yake, ukavu fulani, lakini ningeijua hata chini ya maji. Miguu yangu ilikwenda. Nakwambia ilikwenda, hatua moja kamili kuelekea mlangoni. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Sikufikiri. Mikono ndiyo iliyokataa. Ile mikono mibaya, iliyokunjamana, ilikuwa tayari imeshika vitambaa.

"Mama! Ni mimi!"

Nikalitoa karai. Nikaliweka kwenye mchanga, katikati. Mfuniko. Kuni ya kwanza nikaivuta, ya pili, ya tatu. Nikasikia mtoto akianza kulia kule nje, na sauti ya mtu mzima ikimwambia neno pole pole. Kuni ya nne. Nikazitazama ncha, zote zimetoka. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama zile kuni nne nyembamba, nami nimebeba mathenge mwaka mzima. Na nilishangaa, kama nilivyoshangaa siku ile ya kwanza moto uliposimama mbele yangu, kwamba mtu kama mimi, mwenye makosa yangu, angeweza kufanya hivi huku mtoto wangu analia.

Ndipo nikatoka.

Walikuwa wamesimama juani, mama mkwe na fimbo yake, binti yangu mbele yake. Alikuwa mrefu. Bega lilikuwa limefunikwa na shanga. Mama mkwe alikuwa amemshika kwa ule mkono mwingine, na nilipotokea hakumwachia. Hakunitazama mimi. Alinipita, akaenda moja kwa moja jikoni na mtoto mkononi, nami nikafuata kama mgeni kwenye ua wangu.

Alisimama mlangoni. Akatazama karai kwenye mchanga. Akatazama kuni, moshi wake ukififia. Akagusa ukuta kwa ncha ya fimbo, akakwaruza, kikaanguka kipande cha udongo.

"Ametuacha juani kama mbuzi wa mnadani," akasema, akimwambia mtoto.

"Mama," nikasema, "mafuta yalikuwa motoni."

"Nimesikia yakilia. Ndiyo maana nikamwambia yeye ndiye aite."

Akauachia mkono wa mtoto.

Binti yangu hakunikimbilia. Alikaa palepale akitazama karai, kidole mdomoni, mtoto wa miaka minane. Akauliza, "Yanatoa moshi?"

"Njoo uangalie," nikamwambia. "Ukiona moshi, uniambie. Hata nikiwa naongea na nani."

Akasogea hadi kwenye mstari wa mawe, akainama, akachungulia pembeni ya mfuniko kwa muda mrefu sana. "Hapana," akasema.

Mama mkwe aliegemeza fimbo ukutani. Akajiweka sawa mbele yangu, mikono mitupu, akaanza mwanzo kabisa, kama mtu aliyefika sasa hivi.

"Ejok?"

"Ejok-nooi."

Tukaulizana watu. Tukaulizana njia, mbuzi, ngamia, na yule aliyeumwa mguu, ambaye alikuwa amekufa. Tulipofika kwenye mvua alisema safari hii ilifika hata kwao. Hatukuruka hata swali moja.